Ushauri wa kisukari uanzie kwenye sufuria ya chai

Mhariri,

Mwezi uliopita jirani yangu mmoja hapa Kaptembwa, Nakuru, alirudi kutoka kliniki akiwa na karatasi iliyokunjwa mara nne na kufungwa kwenye pindo la leso. Alikuwa amepimwa sukari asubuhi kabla ya kula, ikasoma 6.5, akaelezwa kwamba hajawa mgonjwa wa kisukari ila yuko mpakani, kisha akakabidhiwa karatasi hiyo na kutakiwa abadilishe mtindo wake wa maisha. Alinipa niisome kwa sababu mimi ni mhamasishaji wa afya ya jamii katika mtaa wetu, na tangu nianze kazi hii ananiita daktari ingawa nimemweleza mara nyingi kwamba mimi si daktari. Nilisoma: mkate wa ngano isiyokobolewa, mafuta ya zeituni, maziwa yaliyoondolewa mafuta, samaki wa bahari ya baridi, lozi kiasi cha kiganja, na nusu saa ya mazoezi katika jimu. Nilipomaliza aliniuliza, "Daktari, hii si ya matajiri wa Milimani? Mimi nifanye nini?"

Naandika kwa sababu swali hilo linastahili jibu la maana, na kwa sababu mama huyu aliondoka kliniki akiamini kwamba kujikinga na kisukari ni jambo linalonunuliwa na yeye hana pesa ya kulinunua. Aliyemwandikia hakukosea kuhusu lishe. Vyakula hivyo ni vizuri. Kosa ni kwamba hakuna hata kimoja ambacho mama huyu huingiza kwenye sufuria yake, kwa hiyo karatasi haikubadilisha chochote kilichokuwa tayari ndani ya sufuria hiyo.

Kwanza wasomaji waelewe ile namba. Mtu aliyekaa bila kula usiku kucha, damu yake ikisoma chini ya milimoli 6.1 za sukari kwa kila lita, yuko salama kwa kipimo cha Shirika la Afya Duniani. Kati ya 6.1 na 6.9 yuko mpakani. Ikifika 7 na kuendelea, na kipimo kikirudiwa siku nyingine kikaonyesha vivyo hivyo, huo ni ugonjwa. Pale mpakani kongosho bado linatoa insulini, homoni inayoondoa sukari kwenye damu, hata pengine kwa wingi kuliko kawaida, lakini mwili umeanza kuipuuza, hasa pale mafuta yanapokuwa yamejilundika tumboni na kwenye ini. Hivyo kongosho hulazimika kuongeza juhudi mwaka baada ya mwaka hadi linapochoka. Wakati huo wote mhusika hasikii maumivu yoyote. Kiu isiyokatika, kukojoa kila mara usiku, macho kuingia ukungu na kidonda cha mguuni kisichopona ni mambo yanayojitokeza baada ya mpaka huo kuvukwa. Katika uchunguzi wa kitaifa uliofanywa nchini mwaka wa 2015 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza, takriban watu wazima 88 katika kila 100 walikuwa hawajawahi kupimwa sukari maishani. Jirani yangu, pamoja na hofu yake yote, ana bahati ya kujua aliposimama.

Napenda pia kuondoa dhana moja ambayo naikuta karibu kila nyumba ninayobisha hodi, kwamba kisukari ni ugonjwa wa wenye nacho. Zamani huenda ulionekana hivyo, kwa kuwa mwenye nacho ndiye aliyeendesha gari na kula wali na nyama kila siku. Leo katika mitaa yetu, chakula kinachoshibisha kwa bei ya chini kabisa ni unga uliokobolewa, mafuta ya kupima na sukari ya kupima. Viazi vinashuka kwa magunia kutoka Molo na Kuresoi, na chipsi za kibandani zilizokaangwa kwa mafuta yaliyotumika tangu asubuhi ni rahisi kwa kijana wa bodaboda kuliko sahani ya maharagwe, ambayo ingehitaji makaa ya saa mbili. Mzazi aliyelelewa Kakamega au Kericho akilima na kuchota maji mtoni sasa anashinda ameketi kwenye cherehani, kwenye lango akilinda, au nyuma ya kaunta ya duka, lakini bado anakula mlo wa mkulima. Mwili hauoni haya kuugua kwa sababu mwenyewe ni maskini. Na maskini akishaugua ndiye anayeumia zaidi, kwa kuwa dawa, vipimo, nauli ya kliniki na siku za kazi zilizopotea vyote hutoka kwenye mfuko uleule wa kodi ya nyumba.

Basi nirudi kwa jirani yangu. Nilimwomba aniruhusu nikae jikoni mwake asubuhi moja, nione tu jinsi siku inavyoanza. Kwetu, kama wasomaji wengi wajuavyo, chai hutiwa sukari ikiwa bado jikoni. Maji, maziwa, majani na sukari vyote huchemka pamoja ndani ya sufuria, kisha chai humiminwa kwenye chupa ya kuhifadhi joto na kunywewa hadi jioni. Maana yake ni kwamba mtu mmoja, aliyeshika kijiko saa kumi na mbili asubuhi, ameamua kiwango cha sukari cha nyumba nzima, na hakuna mwingine anayeweza kupunguza cha kwake hata akitaka. Nyumba yake ina watu watano. Nilimuuliza nusu kilo ya sukari hukaa siku ngapi, akaniambia siku mbili. Tukatandika gazeti kuukuu mezani, tukamimina sukari ya siku moja, yaani robo kilo, na mtoto wake aliye gredi ya sita akaipima kwa kijiko kidogo cha chai, kijiko baada ya kijiko, akihesabu kwa sauti. Alipita 60. Mama yake alisimama ameshika kiuno akiutazama ule mlima mweupe, asiseme neno kwa muda.

Hesabu yake si ngumu. Robo kilo kwa watu watano ni gramu 50 kwa kila mmoja. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2015, lilisema sukari ya kuongezwa isizidi sehemu moja ya kumi ya nguvu tunayopata kwenye chakula, kiasi ambacho kwa mtu mzima wa kawaida hukaribia gramu hizo 50, na kwamba ni bora zaidi kubaki kwenye nusu yake, yaani vijiko vidogo sita hivi kwa siku. Kwa mtoto kiasi hicho ni kidogo zaidi. Familia hii ilikuwa imefikisha kikomo kwa chai pekee, kabla hata ya mandazi ya saa nne na kabla ya soda ya Jumapili. Na soda ya kawaida huwa na gramu 10 hivi za sukari katika kila mililita 100, hivyo chupa moja ya nusu lita inatosha kujaza kikomo hicho mara ya pili.

Tulichokubaliana hakikuhitaji karatasi. Sukari ilitoka kwenye sufuria ikaja mezani, ndani ya kikopo chenye kifuniko, na kila mmoja akapewa uhuru wa kutia mwenyewe, kwa masharti kwamba kila wiki apunguze nusu kijiko. Nilimwonya kwamba wiki ya kwanza watoto watalalamika kuwa chai ni chungu, na walilalamika kweli. Ulimi, hata hivyo, hujifunza. Tunaingia wiki ya tatu sasa na nusu kilo inakaa siku nne, na pesa iliyobaki amekuwa akinunulia omena. Sijui ushauri gani mwingine wa afya unaorudisha pesa mfukoni mwa mtu kabla ya mwezi kuisha.

Kuhusu ugali, naomba washauri wetu waache kuwaambia watu wasile. Hakuna Mkenya wa mtaani atakayeacha ugali, na akiambiwa auache ataacha kliniki. Kinachowezekana ni kubadilisha mpangilio wa sahani: mboga zichukue nusu, maharagwe, ndengu, omena au yai vichukue robo, na ugali uwe donge lisilozidi ngumi ya mlaji. Kwa kawaida sisi hufanya kinyume, mlima wa ugali na mboga kidogo ya kuteremshia. Managu, terere, kunde, saga na mrenda ziko sokoni kwa bei inayofaa, na mvua ikinyesha hushuka zaidi. Anayeishi kwenye ploti isiyo na shamba anaweza kupanda sukuma wiki kwenye gunia lililosimamishwa karibu na mlango, lenye mawe katikati ya kupitishia maji, na akalinywesha kwa maji aliyooshea mboga. Nimeona magunia manne yakilisha familia mboga siku tatu kwa wiki.

Hapa pana jambo linalonisumbua kwa sababu nalisikia hata kutoka kwa watu wenye nia njema. Unga wa kusagisha kwenye kinu, ambao haujaondolewa maganda, na unga uliochanganywa mtama na wimbi ni bora kuliko ule mweupe kwa kuwa una nyuzi zinazochelewesha sukari kuingia kwenye damu. Lakini si dawa. Nimekutana na wazee wanaokula ugali wa wimbi wa watu wawili kwa kuwa waliambiwa ule mweusi haudhuru, na wengine walioacha sukari wakahamia asali au sukari nguru kutoka magharibi wakidhani damu itatofautisha. Damu haitofautishi. Uji wa wimbi uliosagwa laini na kutiwa vijiko vinne vya nguru ni sukari kama sukari nyingine.

Upande wa mazoezi, sikubaliani na mtu anayemwambia mwanamke anayefua nguo za watu kutwa nzima kwamba hafanyi mazoezi ya kutosha. Mwili wake umefanya kazi, anachohitaji ni chakula bora na usingizi. Ushauri huo uelekezwe kwa walioketi: fundi wa nguo, mwenye duka, mlinzi, dereva wa matatu, mwendeshaji wa bodaboda. Dakika 150 za mwendo wa haraka kwa wiki zinazopendekezwa ni nusu saa kwa siku tano, na zinaweza kugawanywa. Kutoka Kaptembwa hadi katikati ya jiji ni mwendo wa karibu saa moja kwa miguu, na anayeshuka matatu vituo viwili kabla ya kwake amepata sehemu yake bila gharama. Misuli inapofanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu hata pale insulini inapokuwa imepuuzwa, na ndiyo sababu kutembea kwa dakika 10 au 15 baada ya chakula cha jioni kuna faida kubwa kuliko watu wanavyodhani. Kwa wanawake, giza na vichochoro vyetu si salama, na sitamhimiza yeyote atoke peke yake saa kumi na moja alfajiri. Watembee wanne au watano pamoja, mchana kukiwa kweupe, hata kama ni kwenda na kurudi sokoni.

Kuna pia aibu ambayo karatasi za kliniki hazijawahi kuitaja. Katika jamii zetu mtu mnene amenawiri, na mke akikonda watu husema mumewe hamtunzi. Zaidi ya hayo, mtu mzima akipunguza uzito ghafla majirani huanza kunong'ona kuhusu virusi vya ukimwi. Mwanamke mmoja aliniambia wazi kwamba afadhali abaki na tumbo lake kuliko kusemwa kwenye foleni ya maji. Sikumcheka wala sikumkemea, kwa sababu hofu yake ni ya kweli. Kwake yeye jibu lilikuwa kupunguza pamoja na wenzake wa chama chao cha akiba, hadharani, kila mtu akijua sababu.

Vikundi hivyo ndivyo ninavyovitegemea kuliko mabango. Huko Eldoret, mpango wa AMPATH unaozishirikisha Chuo Kikuu cha Moi na Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi umeunganisha vikundi vya kuweka akiba vya vijijini na huduma za shinikizo la damu na kisukari, hivi kwamba mtu anayekuja kutoa mchango wake hupimwa na kushauriwa papo hapo. Mtaani kwetu chama hukutana kila Jumamosi ya pili. Wanawake wanaonikimbia nikibisha mlangoni hunisikiliza wakiwa pale, kwa kuwa mwenzao akisema amepunguza sukari wanamwamini kuliko wanavyoniamini mimi.

Wapo watakaosema haya yote ni mambo madogo yasiyoweza kuzuia ugonjwa mkubwa. Mwaka wa 1986, katika mji wa Daqing nchini Uchina, madaktari walianza kuwafuatilia watu 577 waliokuwa mpakani. Uchina ya miaka hiyo haikuwa nchi ya matajiri, na mafunzo yaliyotolewa yalihusu chakula cha nyumbani na kutembea. Baada ya miaka sita, katika kundi ambalo halikupewa mafunzo hayo, watu 68 katika kila 100 walikuwa wameugua kisukari. Katika makundi yaliyofunzwa kuhusu chakula, mazoezi au vyote viwili, walikuwa kati ya 41 na 46. Waliendelea kufuatiliwa hadi miaka 30, na ikabainika kwamba mafunzo yale yalikuwa yamewacheleweshea ugonjwa kwa karibu miaka minne na kupunguza vifo vya maradhi ya moyo. Nchini India, utafiti uliochapishwa 2006 ulionyesha kwamba katika miaka mitatu waliougua walikuwa 55 katika kila 100 miongoni mwa wasiosaidiwa, na 39 miongoni mwa waliosaidiwa kubadilisha maisha. Wengine waliugua licha ya juhudi zao, na lazima tuwaambie watu ukweli huo, ili atakayeugua asijione amehukumiwa kwa uvivu.

Kwa sababu hiyohiyo naomba nieleweke vizuri upande mwingine. Mtoto mwenye kisukari cha aina ya kwanza hakukosea chochote, wala mzazi wake. Kongosho lake limeacha kutoa insulini na bila sindano atakufa, hata akila managu kila siku. Na aliyekwisha kuanzishiwa vidonge asiviache kwa kuwa amesoma barua yangu au kwa kuwa ameuziwa chupa ya mitishamba stendi ya matatu. Akina mama waliopatikana na sukari wakiwa wajawazito nao wasidhani mambo yaliisha walipojifungua. Wao ni miongoni mwa watu wanaopaswa kupimwa kila mwaka.

Sasa niseme ninachoomba. Septemba 2023 serikali ilizindua wahamasishaji wapatao 100,000 nchini kote, kila mmoja na mkoba wenye vifaa, na ndani yake mashine ndogo ya kupima sukari. Ilikuwa hatua njema na ninajivunia mkoba wangu. Lakini mashine hiyo hula stripu moja, kile kijikaratasi cha kuwekea tone la damu, kwa kila kipimo, na stripu zikiisha inabaki kuwa kipande cha plastiki. Nyumba ninazohudumia zinakaribia 100, na kuna miezi ambayo nimezunguka zote bila stripu hata moja. Wanaopanga bajeti za afya katika kaunti waichukulie stripu kama wanavyoichukulia chanjo, yaani kitu ambacho hakiruhusiwi kukosekana, kwa sababu hakuna ushauri unaoshikika kama ule unaotolewa mtu akiitazama namba yake mwenyewe.

Stripu zikiwa chache, ninatumia uzi. Namwomba mtu asimame wima, ninapima urefu wake kwa uzi wa katani kuanzia kisigino hadi utosini, ninaukunja uzi huo katikati, kisha namwomba auzungushe mwenyewe kiunoni, usawa wa juu kidogo ya kitovu. Ncha zikikutana, kiuno chake hakijazidi nusu ya urefu wake. Zisipokutana, mafuta ya tumbo yamezidi na huyo ndiye ninayempa stripu ya kwanza, pamoja na mwenye mzazi au ndugu anayeugua kisukari. Uzi haupimi sukari, na ninalisema hilo kila mara. Hata hivyo unanisaidia kuchagua, na mtu huuelewa bila kujua kusoma. Ninaufanyia faraghani, nyuma ya pazia, kwa heshima ya kila mmoja.

Kwako wewe Mhariri nina ombi pia. Gazeti lako huchapisha bei za mazao. Tengeni nafasi ndogo mara moja kwa wiki ya kuchapisha mlo mmoja wa familia ya watu watano unaofaa kwa kujikinga na kisukari, ukiwa na bei ya kila kitu kama kinavyouzwa Wakulima hapa Nakuru, Kibuye kule Kisumu au soko la Kakamega wiki hiyo, pamoja na makaa. Nitaukata na kuubandika kwenye mlango wa chumba tunamokutania.

Jirani yangu anatakiwa kupimwa tena baada ya miezi mitatu. Nimemwandikia tarehe nyuma ya ile karatasi ya kliniki, akaikunja mara nne na kuirudisha kwenye leso. Siku hiyo nikifungua mkoba, naomba stripu ziwemo.

Mhamasishaji wa afya ya jamii,
Kaptembwa, Nakuru